Mzigo Kutoka Mlima Lafayette

Baba yangu alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, njia ya Marangu, tangu kabla ya Uhuru. Kwetu mlima ulikuwa kazi. Mtu alipanda kwa sababu mgeni amelipa, akashuka, akapewa ujira wake, akaenda kwenye migomba yake. Kwa hiyo Oktoba 1985, nikiwa mwanafunzi mjini Boston, wenzangu waliponialika kwenda kupanda mlima New Hampshire, niliwauliza kwanza mizigo itabebwa na nani. Wakanijibu kwamba kila mtu hubeba wake, na mmoja akaniazima shanta.

Tulikuwa watano na mbwa wawili: Bess, jike mweusi aliyekwisha kuzeeka, na Otis, dume changa lisilotulia. Wote wawili walifungwa vitambaa vya rangi ya machungwa shingoni, maana msimu ule wawindaji huwa msituni na mbwa wa kahawia huweza kudhaniwa paa. Garini Otis alilaza kichwa chake kwenye paja langu safari nzima. Nilikaa nimekakamaa. Nyumbani mbwa ni mlinzi: mchana hufungwa, usiku hufunguliwa, hula makombo, wala havuki kizingiti. Sikuwa nimewahi kumgusa mbwa kwa mkono wangu.

Tulipoingia bonde jembamba la Franconia Notch waliegesha gari ili nimwone Mzee wa Mlimani. Ulikuwa uso wa mtu, wa jiwe tupu, umechomoza kwenye genge la mlima Cannon juu ya ziwa dogo: paji, pua, kidevu, kimo chake kama mita 12. Jimbo zima liliufanya nembo yake. Barafu ilikuwa ikiupasua kila mwaka, na kwa miongo mingi watu walining'inia pale juu kuziba nyufa na kukaza vyuma vilivyoushikilia. Tarehe 3 Mei 2003 uliporomoka hata hivyo. Nashukuru niliuona ungali mzima, asubuhi, jua likiupiga.

Njia tuliyopanda inaitwa Falling Waters, na maji kweli yanaanguka kando yake, poromoko baada ya poromoko. Lakini mimi nilikuwa nikitazama miti. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa botania, alinieleza huku tukihema kwamba manjano ya jani ilikuwemo tangu mwanzo, imefichwa na kijani; siku zinapofupika mti huacha kutengeneza kijani kile, na manjano inajitokeza. Wekundu wa mti wa mepo ni habari nyingine. Huo hutengenezwa upya siku za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi ndipo unapokolea. Sijaona tena rangi ile popote. Mwanga wenyewe chini ya miti ulikuwa mwekundu, hata mikono yetu.

Kisha miti ikaanza kufupika. Misonobari ikawa ya kimo cha mtu, halafu ya kiuno, halafu ya goti, imelala upande mmoja kwa upepo, na tukatokea kwenye mgongo wa mlima palipo mawe na nyasi tu. Kilele cha Lafayette kina mita 1,600. Kwetu Marangu urefu huo ni wa migomba na kahawa! Nilisimama pale nikitetemeka na kulikumbuka shamba la mama, nisiweze kuamini kwamba nimesimama usawa wake. Baridi ya kaskazini, upepo na barafu vimeishusha chini mipaka yote ya mimea.

Pale juu mbwa walifungwa kamba. Vimea vinavyoishi katikati ya mawe hustahimili theluji miezi mingi lakini havistahimili nyayo, na njia ilikuwa imepangwa mawe pande zote mbili ili mtu asipotee nje yake. Wakati ule waandishi wawili, mke na mume, Laura na Guy Waterman, walikuwa wamejitwika kuitunza njia hiyo kwa kujitolea, kazi waliyoifanya kwa karibu miaka ishirini kwa jumla. Kileleni tulijibanza ndani ya msingi wa nyumba ya mawe ya zamani, tukala mikate, mbwa katikati yetu, na nikagundua kwamba ubavu wa Bess una joto jema.

Tuliposhuka tulipita kibanda cha Greenleaf. Kijana mmoja alikuwa akiwasili na maboksi ya chakula yaliyorundikwa juu ya fremu ya mbao mgongoni, rundo limempita kichwa. Nilimtazama miguu. Alikanyaga kama baba: hatua fupi, goti halinyooki kabisa, hatazami juu.

Jua lilikuwa linazama, yapata saa kumi na mbili, Otis alipochomoka kuingia kichakani. Tukasikia kilio. Alirudi uso umejaa miba myeupe, pua, midomo, ulimi, na miguu yote ya mbele kwa kuwa alijaribu kumpiga adui yake. Nungunungu ninamjua, kwetu huharibu mashamba. Lakini wa kule hupanda miti, na miba yake ni mifupi, yenye vijino vidogo vilivyoelekea nyuma, hivyo kila msuli unapotikisika mwiba unazidi kuzama. Hatukuwa na koleo. Mbwa hakuweza kukanyaga chini.

Hakuna aliyejadili. Shanta kubwa lilimwagwa, vitu vikagawanywa, Otis akaingizwa humo kiwiliwili, kichwa na miguu ya mbele vikabaki nje. Nikasema nitaanza mimi. Nilimbeba, tukapokezana, nikambeba tena, tochi moja mbele na moja nyuma, Bess akinifuata kisigino. Damu na mate yake vilinilowesha shingo. Niliongea naye Kiswahili njia nzima, na nilimpenda mnyama yule, nasema wazi.

Daktari wa mifugo wa mji wa jirani alifungua kliniki yake usiku, akamchoma sindano ya usingizi, akang'oa miba mmoja mmoja hadi usiku wa manane.

Nilimwandikia baba yote. Jibu lake lilijaza aerogramu hadi kwenye mikunjo. Aliuliza mkanda niliuweka kifuani au begani, na aliyeshika tochi ya mbele alikuwa akihesabu hatua kwa sauti au la. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulitamka nyumbani: jinsi yeye na wenzake walivyomteremsha mpagazi mwenzao aliyezidiwa na urefu wa mlima, kutoka Kibo, usiku, kwa zamu, mgongoni, bila mtu wa kuwalipa. Mgonjwa huyo alipona, na nilimfahamu. Alikuwa akija kwetu kila Krismasi.

Mwishoni aliuliza hali ya mbwa. Nikamjibu kwamba Otis anakimbia tena, na kwamba wiki kadhaa baadaye mwiba mmoja uliovunjikia ndani ulijitokeza wenyewe chini ya taya, kama daktari alivyotuonya.