Kutayarisha Picha za Somo kwa Skripti

Miongoni mwa zana za kufundishia, picha ya mahali anapopafahamu mtoto ina nguvu ya pekee. Tufundishapo mazingira Manzese, hatuna haja ya picha za nchi za mbali: lipo daraja la waenda kwa miguu juu ya Barabara ya Morogoro, yapo mabasi ya mwendo kasi, zipo meza za wauza matunda. Simu ya mwalimu yatosha kuzipiga, baada ya kuomba ruhusa. Shida huanza katika kudurufu. Picha ya rangi ikishapita kwenye mashine, uso mweusi wa muuza matunda hugeuka doa, na mtoto hamwoni mtu anayefanana na mama yake.

Katika kutafuta dawa tumeitumia GIMP, programu huria ya kurekebisha picha, isiyolipiwa, ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis walianza kuitunga mwaka 1995 walipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Berkeley, Marekani. Ndani yake mtu aweza kuandika skripti, yaani orodha ya amri zinazotekelezwa na kompyuta kwa mfuatano. Badala ya kurekebisha picha 40 mojamoja, amri huandikwa mara moja, zikatumika kwa zote.

Skripti yetu ina hatua nne: kupunguza ukubwa wa picha, kuondoa rangi, kuangaza sehemu zenye giza la kadiri, na kunoa kingo. Kisha nakala huhifadhiwa kwa jina jingine, picha ya asili isiguswe. Mfuatano huo una maana: ukinoa kabla ya kupunguza, faida ya kunoa hufifia.

Wanachuo wataitambua hapa sura ya andalio la somo. Hata hivyo, skripti haina macho. Kipimo cha mwanga kinachoufaa uso uliopigwa kivulini huweza kuuharibu ule uliopigwa juani. Hivyo hatuna budi kujaribu picha tatu kwanza, kuzidurufu, kuzibandika ukutani na kuzitazama tukiwa dawati la nyuma. Ndipo picha zigawanywe kwa makundi ya mwanga, kila kundi na kipimo chake.

Andalio nalo ni vivyo hivyo, kwa kuwa madarasa mawili hayafanani. Kompyuta na ituondolee kazi ya kurudiarudia. Kazi ya kutazama nyuso ni ya mwalimu.