Kasi Nne za Ndege Moja



Kati ya Riyadh na Jeddah kuna kiasi cha kilomita 850 kwa njia ya anga. Sisi tunaosoma katika miji hiyo miwili hatuonani mara kwa mara, kwani nauli ni nauli na mwanafunzi ni mwanafunzi. Muhula uliopita tulikutana kwa namna nyingine: tuliirusha ndege moja ya jeti ndani ya kompyuta zetu, kundi moja likiwa Riyadh na jingine Jeddah. Ndege hiyo nusura itugombanishe.

Kazi yenyewe ilitokana na ahadi. Tuliahidi chama mhadhara wa dakika arobaini kuhusu urukaji wa ndege, kwa Kiswahili tupu. Wapo waliotushauri kwa nia njema tuufanye kwa Kiingereza, kwa hoja ambayo kila mwanachama ameisikia: Kiswahili ni kitamu kwa mashairi na hadithi, lakini kwenye injini kinaishiwa pumzi. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa mwisho wa uhandisi alikubali kusimama mbele kwa sharti moja tu. Takwimu za Riyadh na za Jeddah zilingane, la sivyo yeye hasemi. Hazikulingana.

Tulitumia FlightGear, simuleta ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuisoma ndani. Moja ya injini zake za hesabu huitwa JSBSim. Hii huyasoma maelezo ya ndege kutoka kwenye faili la maandishi: uzito, ukubwa wa mabawa, nguvu za injini na majedwali ya namna hewa inavyoizuia ndege. Kisha hukokotoa kani zote mara 120 kila sekunde. Ndege tuliyoichagua ilikuwa ya injini mbili, na faili lake lilitengenezwa na mpenzi mmoja wa ndege ambaye hatumfahamu. Tulihakikisha kwamba nakala ya Riyadh na ya Jeddah ni moja, herufi kwa herufi.

Jioni ya kwanza tulipigiana simu. "Kaka, ndege yenu ina kasi gani?" Jeddah wakauliza. "490," Riyadh wakajibu, kilomita kwa saa. "Sisi 943, na tuko juu sawa na ninyi, mita 10,700." Mwingine pale Riyadh akatazama upande wa pili wa skrini akasema yeye anaona 723. Wa tatu, aliyekuwa na kikokotoo, akasema jibu sahihi ni 833. Simu ikawa kelele tupu. Dada mmoja wa Unguja ndiye aliyetutuliza. "Jamani, kabla hamjaitafuta hitilafu, kila mtu aseme kasi ya nini, na dhidi ya nini."

Swali hilo lilikuwa dawa, kwa kuwa wote wanne walikuwa wanasema kweli. Ile 490 ni kasi ya kipimo. Chombo cha ndege hakijui kasi. Kinapima tu hewa inavyosukuma kwenye mdomo wa bomba dogo lililoelekea mbele. Juu kule, hewa ina kiasi cha kilo 0.38 kwa mita moja ya ujazo, wakati usawa wa bahari ina kilo 1.225. Hewa nyepesi husukuma kidogo, kwa hiyo mshale husoma kidogo. Ile 833 ni kasi halisi ya ndege ndani ya hewa. Sauti kwenye kimo kile husafiri kiasi cha kilomita 1,067 kwa saa, basi 833 ni sawa na Mach 0.78. Zile 723 na 943 ni kasi ya ardhini. Tulikuwa tumeweka upepo wa kilomita 110 kwa saa kutoka upande wa magharibi, kama uvumavyo juu ya Bara Arabu wakati wa baridi. Waliotoka Riyadh kwenda Jeddah waliukabili, waliotoka Jeddah kwenda Riyadh walisukumwa nao. Ngalawa mbili zenye mwendo mmoja, moja ikipanda mkondo na nyingine ikiteremka, hazipiti gati kwa mwendo mmoja.

Hata viwanja vyenyewe vina lake. Uwanja wa Mfalme Khalid, Riyadh, uko kiasi cha mita 625 juu ya usawa wa bahari. Ule wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, uko karibu na maji, mita 15 hivi. Mchana wa kiangazi Riyadh ikifika nyuzi 45, hewa yake hupungua hadi kama kilo 1.03. Jeddah kwenye nyuzi 30 hubaki na kama 1.16. Ndege mbili zikinyanyuka na kipimo kilekile cha 260, ya Riyadh inakimbia kiasi cha 283 juu ya lami na ya Jeddah kiasi cha 267. Si ajabu ya Riyadh ihitaji njia ndefu zaidi.

Tulipoondoa upepo na kukubaliana kuandika kasi halisi peke yake, namba nyingi zililingana. Lakini tatizo moja lilibaki, nalo ndilo lililokuwa hitilafu ya kweli. Kundi la Jeddah, lililopenda kuruka chini juu ya Bahari ya Shamu, lilisema ndege inatenda kama inavyotakiwa. Kundi la Riyadh, lililopenda kuruka juu, lilisema ukifungua mafuta yote ndege haikubali kutulia: inafika Mach 0.93 katika mruko wa usawa, wakati ndege za abiria za aina yake husafiri kwenye Mach 0.78 hadi 0.85. Ilikuwa kama hewa imesahau kuizuia.

Tulikubaliana kubadilisha jambo moja tu kila mara. Tulianza na uzito: tukajaza mafuta sawa, kwa kuwa ndege nzito huhitaji mabawa yafanye kazi zaidi, na kazi hiyo huongeza ukinzani. Tofauti ikapungua kidogo, haikuisha. Tukakagua magurudumu na vibreki vya mabawani kama vimefungwa, vilikuwa vimefungwa. Tukaweka hewa ya kawaida badala ya hali ya hewa ya siku ile. Mwisho Jeddah wakapanda juu walikokuwa Riyadh, na Riyadh wakashuka. Hapo kila kundi likaona kile ambacho lenzake lilikuwa linakisema. Kompyuta hazikuwa na neno. Tatizo lilifuata kimo na mwendo.

Basi tukafungua faili. Ukinzani wa hewa hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito wa hewa kwa ujazo, kasi mara kasi, eneo la bawa na kizidishi kimoja kinachoeleza umbo la ndege. Kwa mwendo wa chini kizidishi hicho hakiathiriwi sana na kasi. Ndege ikiukaribia mwendo wa sauti, hewa inayopita juu ya bawa huvuka mwendo wa sauti kabla ya ndege yenyewe, mawimbi ya mshtuko hutokea, na kizidishi hupanda kwa ghafla. Ile DC-3 ya rafadha ambayo Rais Roosevelt alimpa Mfalme Abdulaziz mwaka 1945, iliyotangulia safari za anga za nchi hii, haikujua mambo hayo, kwani ilisafiri kwa kilomita 330 hivi kwa saa. Jeti hukutana nayo kila siku.

Jedwali la faili letu liliishia Mach 0.7. JSBSim ikivuka mwisho wa jedwali haikisii. Hushikilia thamani ya mwisho. Chini ya Mach 0.7, wanakoruka Jeddah, kila kitu kilikuwa sawa. Juu yake, wanakoruka Riyadh, ukuta wa hewa haukuwepo. Tuliongeza safu nne hadi Mach 1.1, tukaruka tena miji yote miwili kwa mafuta yote, na ndege ikatulia kwenye Mach 0.81 huku na kule.

Ikabaki kazi ya chama hasa: maneno. Wengine walitaka ukinzani uitwe msuguano, tukakataa, maana msuguano wa hewa kwenye ngozi ya ndege ni sehemu tu ya kinachoizuia. Tukaafikiana kusema ukinzani wa hewa, na ule unaozuka karibu na mwendo wa sauti tuuite ukinzani wa mawimbi. Kwa upepo unaoikabili ndege, mwenzetu wa Lamu alikumbusha kwamba mabaharia wa pwani tangu zamani husema chombo kinabisha kikienda kinyume cha upepo. Tukachukua upepo wa mbisho, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Mhadhara ulifanyika kwa Kiswahili, na mwenzetu alisimama. Swali gumu kuliko yote lilitoka kwa mwalimu wa fasihi: kwa nini neno moja, kasi, libebeshwe mizigo minne? Alijibiwa kwamba rubani naye hutumia neno moja kwa haraka, ila hufundishwa kwanza kuzitenganisha. Kiswahili hakikuwa kimeishiwa pumzi. Kilikuwa kinangoja kuambiwa kasi ya nini.

Tunaomba basi walimu wetu watusaidie kuyapima maneno haya: kasi ya kipimo, kasi halisi, kasi ya ardhini, namba ya Mach, ukinzani wa mawimbi, upepo wa mbisho. Lililo bovu liangushwe, lililo bora liingie kwenye orodha ya istilahi za chama. Na mwanachama mwenye kompyuta na faili la ndege lisiloeleweka asisite kutupigia. Tutamwuliza kwanza yuko kimo gani.