Mwachieni Aliyeshindwa Kigoda

Wajukuu zangu mlioko Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere, nanyi mliokwenda mbali kutafuta maisha,

Mashamba nimekwisha kuyagawa, limebaki neno. Kila msimu wa kura za maoni ndani ya vyama nawaona mkigawanyika kambi kwa kambi, wapambe wakitukanana, na kura zikishahesabiwa majirani hawasalimiani. Kwa hiyo nawaachia wosia huu.

Siwakatazi makundi. Wanaoishi pamoja hawakosi kutofautiana, na kijiji ambacho wote wanasema ndiyo kina watu walionyamazishwa. Ninachowaomba ni kujua namna ya kuishi na anayewapinga, na hilo kwetu Ufipa lilijulikana zamani.

Watawala wa kwanza walikuwa wa Milansi. Baadaye wakaja Watwa, wageni. Masimulizi ya wazee yanasema wanawake wao walifika wakati Ntatakwa, mtawala wa Milansi, akiwa mawindoni, na mkewe akawapa kigoda cha utawala. Utawala ukahama. Lakini mtawala wa Milansi hakufukuzwa. Alibaki na eneo lake na heshima yake, na mwene, yaani mtawala, wa Watwa hakusimikwa bila baraka kutoka Milansi. Mshindi alimhitaji aliyeshindwa, na aliyeshindwa hakuwa na sababu ya kuiteketeza nchi.

Watwa wenyewe wakaja kugombana ndugu kwa ndugu, Ufipa ikapasuka kuwa Nkansi na Lyangalile. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka Zambezi mwaka 1835, walifika hapa. Zwangendaba alifia Ufipa, na warithi wake hawakuelewana nani ashike nafasi yake. Wafuasi wa Mpezeni waliishia mashariki ya Zambia ya leo, wa Mbelwa kaskazini ya Malawi, wengine Unyamwezi na Songea. Jeshi lililotisha nchi nyingi lilisambaratishwa na ugomvi wa nyumbani.

Tanzania nayo ina mafunzo yake. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 ilikuta kama asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, asilimia 20 wanataka vyama vingi. Ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wachache walisikilizwa kabla hawajakata tamaa.

Zanzibar damu ilimwagika Januari 2001, baada ya uchaguzi wenye mgogoro. Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa: chama kinachoshika nafasi ya pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa amani. Lakini mwaka 2015 matokeo yalipofutwa, maridhiano yakavunjika. Kigoda cha aliyeshindwa hakikaliki pale ambapo kura haiaminiki.

Basi nawausia mambo matatu.

Kwanza, kanuni zikubaliwe kabla ya mchuano: nani anapiga kura, nani anahesabu, wapi mtu analalamika. Anayebadili kanuni katikati ya mchezo msimfuate, hata kama ni wa kambi yenu.

Pili, aliyeshindwa apewe kazi yenye uzito. Bungeni, Kamati ya Hesabu za Serikali ilikuwa ikiongozwa na mpinzani, na mwaka 2014 ikiwa chini ya Zitto Kabwe ndiyo iliyoleta ripoti ya fedha zilizochotwa katika akaunti ya Escrow, iliyowang'oa vigogo. Huku kijijini fanyeni vivyo hivyo: aliyekosa uenyekiti awe miongoni mwa wanaokagua fedha za maji na za ushirika. Hakuna atakayezihesabu kwa makini kumzidi.

Tatu, siasa isivuke mlango wa msiba, wa kisima wala wa harusi. Jirani hagawiwi mbolea kwa kadi ya chama, wala hanyimwi jeneza kwa sababu ya fulana aliyovaa.

Tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini msemo huo huwa wanaambiwa walioshindwa tu. Mimi nawaambia ninyi mtakaoshinda: kukubali kushindwa ni rahisi kwa mtu anayejua kwamba kesho bado ana mahali pa kukaa. Mpeni mahali hapo, maana zamu yenu ya kushindwa itafika.

Babu yenu.