Usalama Usiotuvua Nguo

Desemba 25, 2009, Umar Farouk Abdulmutallab, kijana wa Kinigeria, alijaribu kuilipua ndege iliyotoka Amsterdam kwenda Detroit. Vilipuzi alivificha katika chupi. Mwezi uliotangulia, baba yake aliuonya ubalozi wa Marekani Abuja. Hata hivyo jina lake halikuingizwa katika orodha ya wanaozuiwa kupanda ndege.

Mzigo wa uzembe huo ukawaangukia abiria. Marekani iliharakisha kusambaza mashine zilizomwonyesha afisa umbo la mtu kana kwamba hana nguo.

Wahenga walinena mficha uchi hazai. Hawakusema tumvulie kila mlinzi. Nami nimesimama humo, mikono juu, na haja ya ukaguzi naiona. Ninachokataa ni hoja kwamba usalama na stara havikai pamoja.

Mwaka 2012 Bunge la Marekani liliagiza mashine zionyeshe mchoro uleule kwa abiria wote. Zilizoshindwa ziliondolewa mwaka 2013. Zilizobaki zikaendelea kukagua. Kumbe uchi wetu haukuwa wa lazima. Kilichokosekana ni sheria ya kumwekea mkaguzi mpaka.

Tukiambiwa tuchague kati ya usalama na heshima, tuuulizie kwanza mpaka huo.