Pumzi kwa kipimo

Wengi wanafikiri kwamba kitu chema hakiwezi kumdhuru mtu. Mimi pia nilifikiri hivyo siku nyingi, nami kazi yangu ni kuzalisha.

Usiku mmoja tulipokea mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati wake, kilo 1 na gramu 300. Alipumua kwa shida. Tukampa oksijeni puani, tukamfunga mguuni mashini ndogo inayoonyesha kipimo cha oksijeni katika damu. Baadaye kengele ikalia: 99! Nikapunguza oksijeni. Nyanya yake akanishika mkono: «Mama munganga, unamnyima mjukuu wangu pumzi?»

Nikamjibu: «Hapana, Nyanya. Ninalinda macho yake.»

Nyuma ya jicho la mtoto wa namna hii, mishipa midogo ya damu ingali inakua. Oksijeni ikizidi, mishipa inaacha kukua. Halafu inakua ovyo, na yaweza kubandua utando unaopokea mwanga. Mtoto anakuwa kipofu.

Munganga Theodore Terry wa Boston, Marekani, alieleza ugonjwa huo mwaka 1942. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba huenda oksijeni ndiyo sababu, na majaribio ya Marekani ya miaka 1953 na 1954 yakahakikisha. Lakini watoto karibu 10 000 walikuwa wamekwisha kupofuka, mikononi mwa watu waliotaka kuwaokoa. Kisha waganga waliogopa, wakabana oksijeni mno, na watoto wengine wakafa. Kwa hiyo, kwa mtoto anayepewa oksijeni, kengele yetu inalia pande mbili: kipimo kikishuka chini ya 90, na kikipita 95.

Zamani hatukuwa na mashini hiyo. Nilifungua oksijeni kabisa, nikasali, nikaenda kulala na moyo mtulivu. Mtoto mmoja wa siku zile sasa ni kijana. Kila dominika baada ya Misa ananitambua kwa sauti, maana haoni. Mama yake alizoea kunishukuru kwa kuwa mwanawe alipona, na kila mara moyo uliniuma.

Dominika moja nilimwambia yote: huenda ni mkono wangu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: «Uliniachia mtoto hai. Sasa wafundishe wengine.»

Ndiyo sababu ninaandika. Ninyi wazazi, kengele ikilia, msiguse mashini, mwiteni munganga. Akipunguza oksijeni, msifikiri ni ukali. Na mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati, ulizeni apimwe macho akitimiza wiki nne hivi, hata kama anaonekana mzima.

Mungu alitupa moyo wa kupenda. Alitupa na akili ya kupima. Tusitenganishe alivyoviunganisha Yeye.