Binti Juma Yupi?

Mwingereza akitaka kumjua babu wa babu yake, hukaa mbele ya kompyuta tu. Kwao vizazi, ndoa na vifo vinaandikishwa tangu 1837, na faharasa zake zimo kwenye intaneti. Ataandika jina la ukoo, apewe mwaka na wilaya.

Mie mtu wa Konde nitaandika nini? Jina langu linaishia kwa babu. La baba yangu linaishia kwa baba wa babu. Kwa kompyuta, mie na baba yangu ni watu wa koo mbili!

Wanawake ndio kabisa. Bibi yangu mzaa mama, mtaa mzima ulimwita Binti Juma, basi. Na Konde hii mabinti Juma ni wangapi? Kaacha mikarafuu, na mirathi haigawiwi kwa kukisia: lazima ijulikane nani kamzaa nani.

Tangu sheria ya 2018 Zanzibar tuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Jambo jema, wajukuu zetu hawatahangaika. Lakini mtoto aliyezaliwa shambani zamani, msimu wa karafuu, bila karatasi, yumo vichwani mwa wazee tu.

Basi nimenunua daftari. Kila Ijumaa jioni namwendea dada yake bibi, naye hunitajia. Tumeshafika majina saba. La mama yao analikumbuka nusu, na macho yake yameshaanza kuchoka.