Mchezo wa Kweli na Kazi ya Mchezo



Huenda ukastaajabu ukiambiwa kwamba wako watu wazima, wenye mvi na wajukuu, ambao kila ikifika Jumamosi huamka alfajiri, wakavaa nguo kuukuu zilizojaa mafuta, wakaenda kuchezea magarimoshi madogo. Sisemi vile vya plastiki vinavyosukumwa sakafuni. Nasema injini za chuma na shaba, ambazo kimo chake hakimfikii mbuzi, lakini ndani yake mna moto wa kweli wa makaa ya mawe, na maji ya kweli, na mvuke wa kweli. Injini hizo huvuta mabehewa ambayo mtu huyakalia kama aliyepanda punda, akazungushwa bustani nzima. Upana wa njia zake ni inchi 5, au inchi 7 na robo. Hata shubiri kamili haufiki.

Uingereza mchezo huu umeenea miji mingi, nao una vyama vyake na kanuni zake. Marekani, katika jimbo la Oregon, karibu na mji mdogo wa Chiloquin, iko reli ya namna hiyo iitwayo Train Mountain, ambayo njia yake kuu ina urefu wa zaidi ya maili 25. Wapenzi wa mchezo huo huja huko kutoka mbali, wamebeba injini zao garini, wakakaa siku kadhaa wakiziendesha, wakitazamiana kazi na kufunzana.

Najua neno la kwanza litakalokujia moyoni: "Watu hawa wamekosa la kufanya?" Nami sikulaumu, kwani mchezo mwingi wa zama zetu ni kupoteza wakati, na wakati uliopotea haununuliwi. Lakini usihukumu kabla hujatazama wanavyocheza.

Siku ya mkusanyiko wao, hakuna awashaye moto kwanza. Kwanza huulizwa cheti cha boila, yaani lile pipa la injini ambamo maji huchemshwa hata yakawa mvuke. Boila mpya hujazwa maji baridi tele, kisha maji yale husukumwa kwa pampu mpaka nguvu yake iwe mara mbili ya ile itakayofanyiwa kazi. Kwa nini maji baridi, wala si mvuke? Kwa sababu maji hayashindiliki. Chuma kikiwa na ufa, maji hutoka yakamwagika chini, mambo yakaisha. Ama mvuke, huo ni mwengine. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi kubwa kuliko ile ya kwanza kwa zaidi ya mara 1,600. Ukifungiwa mahali padogo kisha ukapata upenyo kwa ghafula, hauvuji, bali hupasua. Kwa hiyo ubovu hutafutwa pale ambapo hauwezi kumdhuru mtu, kabla haujajitokeza wenyewe pale ambapo utamdhuru.

Basi boila ikishinda, hupewa cheti, na cheti chenyewe kina muda wake. Ukipita, hurudi kupimwa. Kisha hutazamwa ile bomba ya kioo ionyeshayo kina cha maji, kwani maji yakipungua yakaacha paa la tanuri wazi, chuma hulegea kwa moto kikabonyea. Hutazamwa pia vali ya usalama, ile ambayo mvuke ukizidi hufunguka yenyewe ukatoka. Ndipo moto huwashwa. Na mgeni, hata awe tajiri au mkubwa wa serikali, haachiwi usukani mpaka awe amefunzwa na wenyewe wameridhika naye.

Mama wa nyumba asomaye haya asidhani namletea mambo ya mbali. Boila ndogo anayo jikoni kwake: ni ile sufuria ya presha apikiayo maharage. Kile kijiuzito kinachochezacheza juu ya kifuniko ndicho kinachoutoa mvuke uliozidi. Je, kile kitundu chake hukisafisha na kukitazama kwenye mwanga kila mara kabla hajapika, au mpaka siku kizibe?

Kina mtu mmoja mashuhuri aliyeupenda mchezo huu, jina lake Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni. Mnamo mwaka 1950 alikamilisha njia yake ya karibu nusu maili kuizunguka nyumba yake, California, na injini akaiita Lilly Belle kwa jina la mkewe. Wageni wakaja siku za mapumziko, wakapanda, wakafurahi. Mwaka 1953 mgeni mmoja akaachiwa kuendesha, akaingia konani kwa kasi. Injini ikatoka njiani ikaanguka, honi yake ikavunjika, mvuke ukawa unatoka kwa nguvu. Mtoto wa kike mdogo akakimbilia pale kutazama, mvuke ukamchoma. Hakufa wala hakulemaa. Lakini Disney aliifunga njia ile, na injini akaiweka stoo. Mali ilikuwa yake, na kiwanja chake. Lakini aliona kwamba furaha ya wengi haifai kununuliwa kwa ngozi ya mtoto mmoja.

Huenda ukauliza: yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Yanatuhusu, na mimi mambo hayo sikuyajua kwa kusoma tu. Wazee wangu ni watu wa pwani, lakini kazi ilimpeleka baba bara, na utotoni nilikaa Dodoma katika kota za reli.

Dodoma, kama mjuavyo, ni nchi ya juu, kavu, yenye upepo na vumbi jekundu na mibuyu. Mji wenyewe ulikua kwa ajili ya garimoshi. Wajerumani waliianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni mita moja, na injini za mvuke ndizo zilizoifungua nchi ile. Sisi watoto tulizijua kwa sauti. Tulipokuwa tumelala tuliweza kusema hii imebeba abiria, hii imebeba mizigo, na hii inapanda imechoka.

Kila Jumamosi alasiri tulikuwa na mkutano wetu nyuma ya kota. Kila mmoja alikuja na garimoshi lake: la makopo ya samaki, waya, na vifuniko vya soda kwa magurudumu. Wakubwa zaidi yetu walikuwa na behewa moja la mbao lenye magurudumu ya beringi, lililopita juu ya mbao mbili zilizolazwa sambamba kwenye mteremko, zikashikwa kwa mataruma ya vijiti. Hiyo ndiyo reli yetu.

Palikuwa na mzee mmoja wa Kigogo, aliyestaafu udereva wa injini za mvuke. Alikuwa akija na kigoda chake akakaa chini ya mti. Nasi tulimwamkia kila mtu kwa adabu ya kwao: wengine shikamoo, wengine mbukwenyi. Hakucheka mchezo wetu hata siku moja. Siku ya kwanza alipoliona behewa la mbao, mkubwa wetu alikuwa amekwisha mpakia mdogo wake. Mzee akainua mkono, akauliza neno moja:

"Breki yake iko wapi?"

Hatukuwa nayo. Akasema, "Basi hilo si behewa. Hilo ni jiwe lenye magurudumu. Mteremshe mtoto."

Wiki nzima tulihangaika na kipande cha mpira wa tairi na kijiti cha kubonyezea. Jumamosi ya pili hakuturuhusu kupanda bado. Alituambia tupakie mawe yenye uzito wa watoto wawili, tuliachilie behewa kutoka juu, na mmoja akimbie pembeni akibonyeza kijiti. Lilipita likaangukia mfereji. Akasema, "Mawe hayana mama. Rudieni." Tulirudia mara nne, na mara ya nne likasimama. Ndipo akamnyanyua yule mtoto mwenyewe kwa mikono yake, akamkalisha, akafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti na kutufunza kwamba kikisimama hicho, hapiti mtu, hata aliyekishika awe mdogo kuliko wote.

Miaka mingi baadaye nilipokwenda Uingereza kumtazama ndugu yangu, nikapelekwa kuangalia wale wazee na injini zao ndogo, nikaona pampu ya maji baridi, sikuona jambo geni. Ilikuwa ni yale mawe ya Dodoma.

Sasa sikilizeni la uchungu. Tarehe 24 Juni mwaka 2002, garimoshi la abiria lililokuwa likitoka Dar es Salaam, lina watu zaidi ya 1,200, lilikuwa likipanda mlima wa Igandu, katika mkoa huo huo wa Dodoma. Likapata hitilafu ya breki, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Likashuka mlima kwa kasi isiyozuilika, mpaka likagongana na garimoshi la mizigo. Watu 281 walikufa. Wako wasomaji wa gazeti hili ambao mpaka leo wana jamaa waliozikwa kwa ajali ile, Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Sikusudii kumtaja wa kulaumiwa. Waliochunguza walichunguza, na mimi si kadhi wa jambo hilo. Nasema tu kwamba tangu siku ile, nisikiapo mtu akisema kuhusu kazi yake "aa, itafika tu", masikio yangu husikia lile swali la mzee wetu: breki yake iko wapi?

Hapa ndipo ninapotaka kukufikisha, ndugu yangu. Watu hugawanya mambo mafungu mawili, kazi na mchezo, wakadhani kazi ni nzuri daima na mchezo ni upuuzi daima. Mgawanyo huo haukutimia. Uko mchezo unaofanywa kwa ukweli, nao humzoeza mtu subira, utaratibu, na kuogopa kumdhuru mwenziwe. Na iko kazi inayofanywa kwa mchezo, nayo huua. Fundi afungaye waya za umeme bila kuzipima, nahodha apakiaye jahazi zaidi ya alama yake, muuza dawa atoaye bila kusoma: hao wako kazini, lakini wanacheza. Na yule babu wa Kiingereza aliyeinama na taa akitafuta ufa katika boila isiyozidi debe, huyo yuko mchezoni, lakini anafanya kazi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi na asiyeutafuta, na kutafuta ufa ni tabia, wala tabia haiji siku mtu aajiriwapo. Huja utotoni, katika vitu vidogo ambavyo kukosea kwake hakumuui mtu.

Na vitu vyenyewe vinatutoka. Nairobi, katika jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971, zimehifadhiwa injini za mvuke ambazo baadhi yake zilitengenezwa hata zikatembea tena. Moja ni nambari 3020, na jina lake ni Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida, majirani wa Wagogo. Nyingine ni nambari 5918, Mount Gelai, kwa jina la mlima ulioko kwetu Tanzania karibu na Ziwa Natron. Uzito wake ni tani 250 hivi. Mtoto wa Singida atakaye kuona jina la kwao limeandikwa juu ya injini, itambidi avuke mpaka.

Ama Dodoma, tangu mwaka 2024 inafikiwa kwa treni ya umeme kwa njia mpya, safi, na ya haraka, nayo ni neema ya kushukuriwa. Lakini treni ya umeme imefunika viungo vyake. Injini ya mvuke ilikuwa haifichi kitu: mtoto aliuona moto, akaliona gurudumu na mkono uligeuzao, akajua hiki husukuma kile. Mtoto wa leo huona mlango ukifunguka na kufungika tu. Nani atamfunza kuuliza juu ya asichokiona?

Ni wewe, mzazi. Wala huhitaji bustani ya Oregon. Iweke saa moja ya Jumamosi, baba au mama, babu au mjomba, mkae na mtoto mtengeneze kitu: baiskeli, taa, kiti kilicholegea, gari la makopo. Mtungi wa gesi ukiletwa, mpe mtoto povu la sabuni alipake kwenye mpira na maungio, atazame kama linatoa mapovu, kabla hamjawasha kiberiti. Akilileta gari lake la waya kukuonyesha, usimwambie "toka hapa na uchafu wako". Litwae mkononi, ligeuze, na umuulize lile swali. Akikosa jibu, mpe muda hadi Jumamosi ya pili, kisha mpe mawe ajaribie.

Kwani mtoto huyo, mkipenda msipende, ndiye kesho atakayeshika breki ya garimoshi ambalo ndani yake umekaa wewe na mama yake.